Fukusi Aliye Rafiki wa Ziwa

Ukilisikia neno fukusi bila shaka unafikiria gunia la mahindi yaliyogeuka vumbi ghalani. Hapa Kisii na Nyamira hakuna mkulima anayempenda mdudu huyo. Lakini yuko jamaa yake mmoja ambaye mvuvi wa Homa Bay humwombea maisha marefu. Huyo ni fukusi wa gugumaji. Katika makala haya nataka kueleza jinsi anavyojamiiana na kutaga mayai, kwani nguvu zake zimo katika mayai hayo.

Kwanza tumjue adui. Gugumaji asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Maua yake ya zambarau yanavutia, lakini huo ni uzuri wa mkakasi! Gugu hili hufunga njia za mashua na kuwanyima samaki hewa. Mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Ziwa likifungwa, hata mama muuza samaki wa soko la Daraja Mbili, Kisii, huumia.

Taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI (ambayo siku hizi ni KALRO), iliamua kutumia aina mbili za fukusi: Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Walizalishwa Kibos, karibu na Kisumu, na kuanza kuachiliwa ziwani mwaka 1997. Waganda walikuwa wametangulia mwaka 1995. Msiogope, jamani, fukusi hawa hawana haja na mahindi wala sukumawiki.

Sasa tuingie kwenye arusi yao. Mdudu mwenyewe ana urefu wa milimita 4 au 5 tu. Mchana hujificha katikati ya majani machanga. Usiku ndipo hutoka kula, na dume humpanda jike mgongoni juu ya mmea huo huo. Baadaye jike hutoboa tundu kwa mdomo wake mrefu, kwenye jani au kikonyo chake, kisha hutia yai ndani. Eichhorniae hutaga yai moja moja, bali bruchi huweza kuweka kadhaa pamoja. Jike mmoja huweza kutaga mayai 300 hivi maishani mwake.

Baada ya wiki moja au zaidi kidogo, yai huanguliwa. Buu huchimba njia ndani ya kikonyo akielekea kwenye moyo wa mmea. Maji na uozo humfuata nyuma, gugu hulegea, mwisho huzama. Buu akikomaa hushuka mizizini na kujitengenezea kifukofuko chini ya maji, humo akageuka fukusi kamili.

Kumbe jike ana siri nyingine! Mmea ukiwa mzuri, mwili wake hushughulikia mayai. Mmea ukidhoofika, mayai hupungua na misuli ya mabawa hukua, ili aruke kutafuta chakula kwingine.

Je, walishinda? Kufikia mwaka 2000 gugu lilikuwa limepungua sana upande wa Kenya, ingawa wataalamu wengine husema hali ya hewa ya El Niño pia ilichangia. Lakini baada ya mvua kubwa za 2006 na 2007 lilirudi. Sababu ni kwamba kizazi kimoja cha fukusi huchukua miezi mitatu hivi, ilhali gugu lenye chakula tele huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili. Tena mbegu zake hulala matopeni miaka mingi.

Na chakula hicho hutoka wapi? Hapo ndipo sisi wa milimani tunapohusika. Mto Gucha, ambao huko chini huitwa Kuja, na mto Sondu hubeba udongo na mbolea ya mashamba hadi ziwani. Kila mvua inapoosha shamba lisilo na matuta, tunalilisha gugumaji, na fukusi anaachwa nyuma. Kwa hivyo tuchimbe matuta, tupande nyasi kingoni mwake, na tusilime hadi ukingo wa mto. Fukusi anafanya kazi yake usiku kucha. Nasi tufanye yetu mchana, maana kidole kimoja hakivunji chawa.