Kununua na Kupanda Maua Katika Nchi ya Pwani

Wasikilizaji wetu, na ninyi msomao maneno haya nyumbani au shuleni, leo twataka kuzungumza habari ya maua ya nyumbani. Labda mtu atasema, "Maua hayaliwi, ya nini kupoteza wakati?" Lakini ye yote aliyepita jioni katika vichochoro vya Bagamoyo, akanusa asumini iliyofunguka nyuma ya ukuta, ajua ya kuwa maua si anasa ya matajiri tu. Kwa desturi ya pwani asumini, rehani na mkadi hufungwa pamoja kuwa kikuba, na arusi isiyo na harufu hiyo huonekana ina upungufu. Tena mche wa maua hununuliwa kwa fedha, na fedha hiyo hutoka katika mfuko ule ule ununuao unga na sukari. Kwa hiyo yatupasa kujua namna ya kununua, tusije tukanunua kuni.

Sisi wenyewe tulipata kununua kuni za namna hiyo. Mwaka mmoja, katika mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, tulinunua miche mitatu ya waridi. Tuliipenda kwa sababu kila mmoja ulikuwa umejaa maua mekundu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na kweli miche ile ilijiuza yenyewe, maana hatukuuliza hata neno moja. Tukaipanda mchana wa siku ile ile mbele ya nyumba, katika mchanga mtupu, mahali panapopigwa na upepo wa bahari. Siku ya nne maua yalipukutika. Wiki ya pili majani yakakauka pembeni kana kwamba yamepitiwa na moto. Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa na vijiti vitatu. Na katika uwanja wa jirani yetu, bibi mmoja mzee alikuwa na asumini katika debe bovu, nayo ilikuwa nyeupe kwa maua. Tulipomwuliza dawa yake alicheka, akasema, "Wajukuu zangu, huyu wangu yuko kwao. Wale wenu ni wageni, nanyi mmewapokea juani bila maji."

Neno lile la bibi ndilo msingi wa mazungumzo yetu. Kabla ya kuuliza bei ya mche, uliza kwao. Hatusemi kwao kwa maana ya nchi ulikotoka mara ya kwanza, maana hata asumini asili yake ni Asia. Twasema kwao kwa maana ya hali ya hewa na udongo unaoupendeza.

Basi, na tuitazame nchi yetu, toka Bunju na Mapinga hata Bagamoyo na mbele yake. Kwanza, joto. Wakati wa kaskazi, toka Desemba mpaka Machi, mchana hupita digrii 30, na usiku hauipunguzi hari hiyo sana. Mmea hupumua usiku kama mchana, na katika kupumua hutumia chakula ulichojitengenezea kwa nuru ya jua. Usiku ukiwa wa joto, chakula hicho huliwa upesi. Mmea uliozoea usiku wa baridi hudhoofika, kama mtu atumiaye mshahara wote siku aupokeayo. Pili, udongo wetu mahali pengi ni wa kichanga. Maji hupita ndani yake upesi, yakichukua na nguvu ya mbolea. Tatu, upepo wa bahari una chumvi, nayo huunguza majani laini. Nne, mvua zetu zina majira: masika toka Machi mpaka Mei, na vuli toka Oktoba mpaka Desemba. Katikati yake ardhi hukauka.

Ukiyajua haya utafahamu kwa nini mawaridi yetu yalikufa. Hata katika Oman, nchi ijulikanayo kwa marashi yake, mawaridi ya kutengeneza marashi hayalimwi pwani penye hari. Hulimwa juu ya mlima wa Jabal al-Akhdhar, kiasi cha meta 2000 juu ya bahari, ambako usiku ni wa baridi. Na mfano wa pili uko karibu zaidi. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala katika Tanga, alipata ua dogo la rangi ya zambarau, liotalo katika miamba yenye kivuli na unyevu. Leo ua hilo la Tanga na Usambara hupandwa katika vyungu madirishani, Ulaya na Marekani. Watu wa huko waliweza kulitunza kwa kuwa walilipa kivuli na unyevu wa mwamba wake. Lakini mtu akiliweka juani katika Bagamoyo, ingawa ni mwenyeji wa Tanzania, majani yake yataungua.

Je, ni maua gani yaliyo kwao hapa? Kwa mahali pa jua kali, bugenvilia haina mpinzani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nayo hustahimili ukame na upepo. Kile tukiitacho ua lake, chekundu au cha zambarau, ni majani yaliyogeuka rangi; ua lenyewe ni kile kidogo cheupe kilicho katikati. Watu wengi huinywesha maji kila siku na kuijaza samadi, kisha hulalamika kwamba hutoa majani tu. Iache ikauke kidogo, nayo itachanua. Asumini hupenda jua la nusu siku au zaidi. Ikiisha kuchanua ikatwe ncha, maana maua yake hutoka katika matawi mapya. Mwenye uwanja mpana aweza kupanda mlangilangi, lakini akumbuke ya kuwa huo ni mti mrefu. Na penye kivuli cha mwembe, mkilua wafaa sana. Huo ni mwenyeji halisi wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mwaka 1970 wataalamu walipoupa jina la kisayansi, waliliacha jina la Kiswahili lilivyo: Mkilua. Lakini usiung'oe msituni. Nunua uliooteshwa, ili misitu yetu isimalizike.

Sasa twende kwa wauza miche, walio wengi kandokando ya barabara itokayo Dar es Salaam kuja Bagamoyo. Usivutwe na mche wenye maua mengi. Chagua wenye matumba, shina imara na majani yasiyo na madoa. Geuza jani utazame chini yake, maana wadudu hujificha huko. Tazama chini ya kiriba: mizizi michache ikichungulia, ni vema, ikiwa imejizungusha na kuwa migumu kama kamba, mche umekaa humo mno. Kisha muulize muuzaji maswali matatu: mche huu umeoteshwa wapi? Umekaa juani au kivulini? Huota katika nyumba za pwani? Muuzaji mwema hakasiriki kwa maswali hayo.

Ukifika nyumbani, usipande siku hiyo. Mche uliokaa chini ya makuti au wavu uweke kivulini wiki moja, kisha uupe jua la asubuhi wiki ya pili, ndipo uuweke mahali pake. Panda mvua zinapoanza, na wakati wa jioni. Chimba shimo la sentimeta 50 kwenda chini na 50 kwa upana. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Chini ya shimo tia vipande vya makumbi ya nazi, navyo vitahifadhi maji kama sifongo. Lakini yakiwa ni makumbi yaliyozikwa pwani, yasuuze kwanza kwa maji matamu, kwa maana yamekunywa chumvi. Kadhalika usitumie mchanga wa ufukweni. Ukiisha kupanda, funika udongo kwa majani makavu, ila usiyagusishe na shina.

Habari ya maji ni hii: mara mbili au tatu kwa wiki kwa maji mengi yafikayo chini ni bora kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, maana maji machache hufanya mizizi ikae juu, na huko jua huiua. Mche ulio katika debe, lakini, hukauka upesi. Huo utiwe kidole kila asubuhi, na udongo ukiwa mkavu upewe maji. Na debe lazima litobolewe chini. Maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na ladha ya chumvi, kinga ya mvua.

Yako mambo mawili ya hatari. La kwanza ni maji yaliyosimama katika visahani vya vyungu. Humo huzaliwa mbu wenye madoa meupe waletao homa ya kidingapopo, iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Visahani vimwagwe na kusuguliwa kila wiki, maana mayai hushika pembeni. La pili ni sumu. Oleanda, yenye majani membamba na maua ya rangi ya waridi au meupe, ina sumu kila mahali, shina na jani na ua. Waridi la jangwani nalo, lenye shina nene, utomvu wake ulitumika kwa mishale. Penye watoto na mbuzi, miche hiyo isipandwe.

Hayo ndiyo tuliyojifunza kwa vijiti vitatu. Mwaka uliofuata, masika yalipoanza, tulimwendea yule bibi, naye akatukatia tawi la asumini yake bila kutudai hata senti. Tulilitia katika debe lililotobolewa, tukaliweka kivulini. Leo hutupa maua ya kutosha nyumba yetu na ya jirani. Basi ndugu zetu, mkienda kununua mche, msisahau kuuliza kwao. Na kabla ya kwenda, piga hodi kwa jirani. Huenda ua ulitafutalo liko nyuma ya ukuta wake.