Waendao kusoma ng'ambo waage kwa ukweli



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu tuliosoma nchi za nje hatupendi kulizungumza, nalo ni namna tulivyoagana na watu tuliokaa nao huko.

Nilisoma Moscow miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichofunguliwa mwaka 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujifunza Kirusi. Bwenini tulichanganywa na wanafunzi wa Kisovieti, na mtu hawezi kukaa miaka sita mahali akabaki mgeni. Tulipata marafiki, wengine wakapata wachumba, na wako waliopata watoto.

Warusi wana desturi moja niliyoipenda. Kabla ya safari ndefu, msafiri na wanaobaki huketi kimya kidogo, hata kama ni juu ya masanduku, ndipo huinuka na kwenda. Sisi humsindikiza mgeni hadi njiani, mzigo wake tumembebea, maongezi hayaishi. Desturi zenyewe ni mbali mbali, lakini zote humlazimisha anayeondoka kumtazama usoni anayebaki.

Wenzetu wengine walikwepa hapo. Mtu amemaliza mitihani, tiketi anayo mfukoni, anamwambia binti wa watu kwamba anakwenda likizo na atarudi Septemba! Sisemi wote walikuwa na nia mbaya. Aliyesomeshwa na Serikali alitakiwa kurudi kulitumikia Taifa, na raia wa Kisovieti hakuweza kutoka nchini mwake bila kibali. Lakini hakuna sheria iliyomkataza mtu kusema, "Mimi sirudi."

Nitaambiwa yaliyopita si ndwele. Kwa mtoto aliyeachwa hayajapita. Tunamjua Yelena Khanga, mwandishi wa habari na mtangazaji mashuhuri wa televisheni huko Urusi, aliyezaliwa mwaka 1962. Baba yake ni marehemu Abdulla Kassim Hanga, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Mama yake ni Lily Golden, msomi wa mambo ya Afrika. Baba alirudi kwao kwenye siasa, na binti akakulia Moscow. Simlaumu marehemu, maana mambo ya wakati ule yalikuwa mazito. Ninachotaka kusema ni kwamba binti huyo, akiwa mtu mzima, alifunga safari hadi Tanzania kuwatafuta ndugu za baba yake. Yeye alikuwa na jina maarufu la kuulizia. Je, yule ambaye baba yake alikuwa fundi mitambo tu ataulizia wapi?

Siku hizi vijana wetu wako China, India, Uturuki na Oman. Barua haichukui tena wiki kadhaa, simu iko mkononi, lakini namba hubadilishwa kwa dakika moja.

Ningeomba wazazi, wanapowapokea vijana uwanja wa ndege, wawaulize pia wamemwacha nani huko. Na kama kuna mtoto, basi apelekewe jina la kijiji, jina la babu yake na picha.

Aliyesoma Moscow,
Morogoro.