Fahamu: Outlook mpya au Thunderbird kwa kompyuta ya nyumbani?

Microsoft iliacha kuihudumia programu ya Mail ya Windows mwishoni mwa 2024, na waliokuwa wakiitumia wanaelekezwa kwenye Outlook mpya. Ni ya bure, ila ina matangazo. Kubwa zaidi, ukiunganisha akaunti ya kampuni nyingine, tuseme Gmail, nakala za barua, anwani na kalenda yako huhifadhiwa pia kwenye seva za Microsoft. Ilani ya jambo hilo hutokea wakati wa kuunganisha akaunti. Isome kabla hujabofya kuendelea.

Thunderbird, programu ya barua pepe ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, nayo ni ya bure, haina matangazo na huendeshwa kwa michango ya watumiaji. Huwasiliana moja kwa moja na seva ya mtoa huduma wako, na huweza kushusha barua hadi kwenye diski yako. Bando likiisha, risiti ya mwaka juzi bado utaifungua. Lakini wakati wa kuunganisha akaunti, ukichagua POP (njia ya kushusha barua kwenye kompyuta) badala ya IMAP (inayoziacha kwenye seva), barua zinaweza kubaki kwenye kompyuta hiyo tu, na diski ikiharibika zimepotea. Weka nakala kwenye flashi.

Mwenye akaunti ya Outlook.com pekee hana haja ya kuhama Outlook mpya, kwa kuwa barua zake tayari ziko kwenye seva za Microsoft. Wengine, hasa wenye akaunti za kampuni mbalimbali, wachukue Thunderbird.