Kupanga Nyumba Shamba

Ndugu msikilizaji, siku hizi mtu wa Dar es Salaam akikuambia anahamia shamba, usidhani amefukuzwa kazi. Kodi za Kinondoni, Sinza na Tabata zimewachosha wengi, nao wamepiga hesabu wakaona afadhali nauli. Mimi na mama watoto tumo katika msafara huo. Mwenye nyumba wetu ametupa notisi kwa sababu kijana wake anaoa, na mtoto wetu wa pili ana pumu, haelewani na moshi wa mkaa wa ua tunaochangia na wapangaji wengine watano. Jumamosi nne mfululizo tumeshuka Gongo la Mboto, tukapanda gari la Kisarawe, na mara mbili tukafika hadi Masaki. Naam, Masaki, lakini hii ni ya mikorosho, siyo ile ya mabalozi.

Tuanze na dalali. Huko shamba dalali aghalabu ni kijana wa bodaboda pale kituoni. Atataka fedha kidogo ya kukuonyesha, na ukipata nyumba atataka kodi ya mwezi mmoja. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini kumbuka kwamba yeye hulipwa siku unapotoa fedha, iwe baadaye umekaa vizuri au umekaa vibaya.

Halafu kuna kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tulioonyeshwa ya shilingi 90,000 kwa mwezi ilitaka 540,000, ukiongeza ya dalali 630,000. Wapo wanaoamini kwamba serikali imekataza jambo hili, na kwamba liko baraza la kupunguza kodi. Hiyo ni habari ya zamani. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi na idadi ya miezi ni mapatano ya watu wawili. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka, hata kama ni wa mdomo. Tena inasema ukipanga kwa vipindi visivyo na tarehe ya mwisho, notisi isipungue urefu wa kipindi kimoja: anayelipa mwezi kwa mwezi apewe walau mwezi. Mapatano ya mdomo ni halali, sawa, lakini siku ya ugomvi kila mdomo husema lake. Andikeni.

Jambo lililotutoa jasho ni jingine kabisa, nalo mjini hatulifikirii sana: nyumba ni ya nani? Jumamosi ya pili tulipata nyumba nzuri, vyumba vitatu, bati jipya, mwembe uani. Mama watoto alikwisha kuchagua pa kuweka kabati. Kijana aliyetuonyesha alitaka fedha siku hiyo hiyo, eti kuna mwingine anakuja jioni. Mke wangu akaomba maji ya kunywa kwa jirani, na huko akakaa robo saa.

"Shikamoo bibi. Tunataka kuwa majirani zako."

"Marahaba mwanangu. Mmeonana na wenyewe?"

"Tumeonana na huyo kijana."

"Huyo mjukuu tu. Nyumba ya marehemu hiyo, watoto wake saba wangali hai, na hawajakaa kikao."

Tukaaga. Nyumba ya urithi si haramu kupangwa, la hasha, ila kodi ipokewe na mwenye mamlaka. Kama marehemu ameacha warithi wengi, omba kuona barua ya mahakama iliyomteua msimamizi wa mirathi. Kama hakuna, kesho atakuja shangazi kutoka Maneromango na kukuambia yeye hajaona hata senti, nawe huna la kumjibu. Mwenyekiti wa kijiji hujua habari hizi zote, na utamhitaji kwa vyovyote, maana mgeni huenda kwake na barua ya utambulisho kutoka mtaa alikotoka. Nenda kwake kabla ya kulipa. Mgogoro ukizuka, upo usuluhishi wa Baraza la Ardhi la Kijiji, na juu liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini nani anahama ili aende barazani?

Maji: mji wa Kisarawe uliletewa ya bomba kutoka Kibamba kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2020, baada ya dhiki ya miaka mingi. Ukisogea vijijini usitosheke kuona bomba, fungua koki. Umeme: uliza kama luku ni yako peke yako. Barabara itazame siku ya mvua.

Sasa tumempata mwalimu mstaafu, si mbali na mji wa Kisarawe. Nyumba ni yake mwenyewe, mwenyekiti amethibitisha. Alitaka miezi sita, mama watoto akamwambia, "Mwalimu, nipokee kama mwanao, chukua mitatu." Amekubali, tena kwa maandishi. Jambo moja limebaki. Mke wangu ni muuguzi, na zamu yake huisha saa mbili usiku. Mwalimu anasema magari yapo. Kijana wa bodaboda anasema yapo yakijaa. Kwa hiyo Jumatano hii akitoka kazini tutasafiri wote wawili usiku huo huo, tuone tutafika saa ngapi na kwa shilingi ngapi. Fedha ya kodi bado iko kwenye pochi yake.