MABOMBA YA KIOO NA JOTO LA JUA

Kila aliyekaa Songea aijua baridi ya Juni na Julai. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya kuoga alfajiri si ya mchezo. Kuni za kuyapasha moto zatoka msituni, na mto Ruvuma wenyewe waanzia milima ya Matogoro. Misitu ikiisha, maji nayo yatapungua. Kwa hiyo napenda kuwaelezeni chombo kipashacho maji kwa jua, na jinsi ya kuipima kazi yake.

Chombo hiki ni safu ya mabomba ya kioo. Kila bomba ni mawili, moja ndani ya jingine, na hewa ya katikati imeondolewa. Ndivyo ilivyo chupa ya chai, aliyoibuni James Dewar mwaka 1892. Pasipo hewa, joto halipati njia rahisi ya kutoroka. Bomba la ndani limepakwa rangi nyeusi inasayo mwanga.

Haya, tufanye hesabu. Mafungu 100 ya mwanga yaangukia bomba. Kioo chapitisha 91 hivi, na rangi yanasa 93 katika kila 100 ya hayo. Twapata 85.

Lakini mabomba hayakugusana. Tuseme nafasi kati yao ni sawa na upana wa bomba. Mafungu 100 mengine yapita bure. Basi katika 200 tumepata 85, chini ya nusu! Tukiweka nyuma bati ling'aalo, lirudishalo 85 katika 100, nayo yote yakalipata bomba, twaongeza 72. Jumla 157. Tukiyajaza mabomba maradufu mahali pale pale bila bati, twapata 170 tu. Bati laokoa fedha nyingi.

Yako masharti mawili. Kwanza, vumbi la kiangazi: bati likirudisha 60 tu, nyongeza yashuka kutoka 72 hadi 51. Pili, mwelekeo: mchana wa Juni jua letu liko kaskazini, basi chombo nacho kielekee huko.

Wazazi, mkinunua chombo hiki msihesabu mabomba peke yake. Tazameni na bati lililo nyuma. Nasi wanafunzi tushike kitambaa tulipanguse, maana vumbi tuliachalo juu yake litalipwa kwa kuni.