Sindano ya Jicho: Desturi na Ushahidi

Baadhi ya maradhi ya retina, yaani utando upokeao nuru nyuma ya jicho, hutibiwa kwa kudunga dawa, takriban mililita 0.05, ndani ya jicho lililotiwa ganzi. Sindano hupenya sehemu nyeupe, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa konea.

Madaktari hutofautiana: wengine hutumia chumba cha upasuaji, wengine chumba cha kliniki, wengine huvaa glavu, wengine hawavai. Hatari kubwa ni bakteria kuingia ndani na kulipofusha jicho. Kwa hiyo jicho husafishwa kwanza kwa dawa ya iodini. Matone ya antibiotiki, yaliyozoeleka zamani, hayakuthibitika kupunguza maambukizo, bali huweza kuwafanya bakteria wawe sugu. Desturi ya mganga nayo yapasa kupimwa kwa ushahidi.