Wanafunzi washauri wanapokuja kambini: tuwaulize nini, tudai nini?



Mara kwa mara mnawaona kambini vijana wenye vitambulisho shingoni na madaftari mikononi, wakipita nyumba kwa nyumba pamoja na mkalimani. Baadhi yao ni wanafunzi wa shahada ya uzamili waliokuja kwa kikundi kufanya kazi ya ushauri kwa shirika fulani. Wakazi wengi huuliza: hawa ni akina nani, na sisi tunafaidika nini? Makala hii inajibu maswali hayo.

Kazi yao ni ipi?

Vyuo vikuu kadhaa huwataka wanafunzi wa maendeleo ya kimataifa washughulikie tatizo la kweli la shirika la kweli kabla ya kuhitimu. Shirika huandika hadidu za rejea, yaani maelezo ya swali, muda na kazi inayotakiwa. Wanafunzi, wakisimamiwa na mwalimu wao, husoma taarifa zilizopo, hutayarisha maswali, husafiri kwa muda mfupi kuzungumza na wananchi, kisha huandika ripoti yenye mapendekezo.

Hawajengi zahanati, hawagawi dawa, wala hawana mamlaka juu ya posho. Uamuzi hubaki kwa shirika lililowaita.

Mfano wa kaskazini mwa Uganda

Vita vya waasi wa LRA, vilivyoanza miaka ya 1980, viliwafukuza makwao watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wakaishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Baada ya mazungumzo ya amani kuanza mjini Juba mwaka 2006, watu walianza kurudi vijijini. Vijana waliokulia kambini walihitaji kazi, na mashirika yalitoa mafunzo ya ufundi. Lakini mafunzo ya namna hiyo mara nyingi huwa yaleyale: ushonaji, useremala, uashi. Mafundi cherehani wakiwa wengi kuliko wateja, cheti hakileti chakula nyumbani.

Mwaka 2008 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, wakishirikiana na shirika la Women's Commission for Refugee Women and Children, walitoa mwongozo wa kupima soko. Lengo lake ni kuwawezesha vijana na watoa mafunzo kujua kwanza ni kazi gani inayotakiwa sokoni, ndipo darasa lifunguliwe. Faida yake ni kwamba wanafunzi waliondoka, lakini mwongozo ukabaki na mtu mwingine anaweza kuutumia.

Na sisi katika afya?

Tuseme watu wanalalamika kwamba foleni ya dirisha la dawa ni ndefu. Tukiwaambia wageni "angalieni hali ya afya", watarudi na ripoti nene isiyobadilisha kitu. Tukiwauliza "kwa nini foleni ni ndefu, na tufanye nini kwa watumishi tulionao?", watajua pa kuanzia. Watahesabu wagonjwa wa kila saa kwa siku kadhaa, wataangalia kama wote hufika asubuhi kwa pamoja, na watawauliza akina mama wanaotoka mbali. Mwishoni waache fomu rahisi ya kuhesabia, ili kamati ya afya iendelee yenyewe.

Tudai nini mapema?

Wanafunzi hukaa muda mfupi na wengi hawajui lugha zetu. Wakizungumza na viongozi peke yao, watasikia ya viongozi peke yao. Kwa hiyo kamati iombe mambo matatu kabla kazi haijaanza:

1. Swali liwe moja, na wakazi washirikishwe kulichagua.
2. Wasikilizwe pia wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu na waliofika karibuni.
3. Majibu yarudi kwetu. Kabla ya kuondoka wafanye mkutano na kueleza walichosikia, tuwasahihishe. Baadaye tuletewe muhtasari kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye mbao za matangazo na kusomwa kwa sauti kwa wasiojua kusoma.

Ripoti inayobaki kwenye kabati la ofisi haimsaidii mama aliyeacha kazi zake saa nzima ili ajibu maswali.

Haki zako unapohojiwa

- Uliza wametumwa na nani na majibu yatatumika wapi. Hapa Tanzania, mgeni huhitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kuingia kambini. Anayefanya utafiti huhitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na utafiti wa afya hupitiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).
- Una haki ya kukataa, au kuacha katikati. Posho na matibabu yako havipaswi kuguswa kwa sababu hiyo.
- Mahojiano haya si usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu. Yeyote anayekuahidi hivyo, au anayekudai fedha, mripoti. Huduma za UNHCR ni bure.
- Jina lako na picha yako visichukuliwe bila ruhusa yako. Mtoto wa chini ya miaka 18 asihojiwe bila ridhaa ya mzazi au mlezi.
- Sema ukweli. Ukiongeza shida au ukificha, ushauri utakaotoka utakuwa wa kambi nyingine, si yetu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona akiwa na swali lake tayari, na akidai jibu lake kabla mgeni hajapanda gari.

Ukiwa na swali juu ya wageni waliofika katika eneo lako, muone mhamasishaji wa afya au mjumbe wa kamati ya afya.